Ujira wa Anayetulelea Wana



Adhana ya Alfajiri haijamalizika mjini Ruiru, na matatu za kwanza zimekwisha kujaa. Wengi wa wanawake waliomo, wenye mabaibui na wasio nayo, ni mama wa watoto wachanga. Baadhi yao waelekea Nairobi, na wengine Thika kwenye viwanda, hospitali na vyuo. Nyuma yao, katika nyumba za ghorofa zilizoota kando ya barabara kuu tangu ilipofunguliwa mwaka 2012, kila mmoja ameacha mwana mikononi mwa mtu. Mtu huyo aghalabu si mama yake, si dada yake wala si wifi yake. Ni mtu anayelipwa.

Sisi tuliotoka pwani tumelikuta jambo hili bila kujiandaa. Kwetu Mombasa, mwanamke akijifungua huwa mzazi kwa siku arubaini. Mama yake au shangazi yake huja akakaa naye. Uji wa pilipili manga haukauki jikoni. Maji ya moto ya kukandwa huwa tayari asubuhi na jioni. Hata arubaini ikisha, mtoto hupita mikono mingi, na hakuna haja ya kuuliza nani atamshika ukienda sokoni. Tusidanganyane lakini: hata huko malipo yalikuwako. Mkunga wa mtaa alipewa chake, na mama wa kumkanda mzazi alipewa chake, pesa kidogo na leso mpya. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeliita jambo hilo ajira.

Huku bara, bibi yuko mbali. Ruiru imekua kwa kasi hata hesabu ya watu ya 2019 ikaikuta imeipita Thika, mji mkubwa wake wa jadi, na wengi wa waliohamia ni vijana wenye watoto wadogo na wasio na wazee wa kuwasaidia. Jirani wa mlango wa pili unaweza kumaliza mwaka hujamjua jina. Ndiyo maana swali linalorudi kila tukikaa kina mama baada ya darsa ni moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, kumlipa mtu anilelee mwanangu si upungufu wangu?

Nilijiuliza hivyo miezi mitatu baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza, likizo yangu ilipokwisha. Nilichokipata nilipofungua msahafu kilinishangaza, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukiona. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza. Kisha aya iyo hiyo yasema kwamba wazazi wakipenda mtoto wao anyonyeshwe na mwingine hapana lawama juu yao, mradi wampe kwa wema walichoafikiana. Surat at-Talaq, aya ya 6, yaamrisha anayenyonyesha apewe ujira wake. Maana yake ni kwamba malezi ya kulipwa yamo ndani ya Qur'ani, pamoja na sharti lake.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilelewa hivyo. Bi Halima wa Banu Saad alitoka mashambani pamoja na wenzake kuja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo. Vitabu vya sira vyasimulia kuwa wenzake walimpita yule yatima, kwa kuwa waliona hana baba wa kulipa. Bi Halima ndiye aliyemchukua.

Iko pia hadithi ya Bi Fatima (R.A.), aliyekwenda kwa baba yake kuomba mtumishi kwa sababu jiwe la kusagia lilikuwa limemwumiza mikono. Mtumishi hakumpata, alifundishwa, yeye na Sayyidna Ali, tasbihi ya kusoma wakati wa kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Wako waume wanaoisimulia hadithi hii ili mke anyamaze. Wanisamehe, lakini hadithi yaanza na mikono iliyoumia, na hapana mahali ambapo Bi Fatima alikemewa kwa kuomba.

Basi suala halikuwa kama yafaa kulipa. Suala lilikuwa kama tunalipa inavyopasa, na hapa nina la kukiri.

Yaya wangu wa kwanza alikuwa msichana mpole kutoka magharibi mwa nchi, wa miaka kama 20. Nilimwambia nitamwekea mshahara wake ili usipotee, naye akakubali, kwa kuwa atasema nini? Mwezi wa kwanza nilimpa kidogo. Wa pili nikasema kodi ya nyumba imenibana. Wa tatu sikusema kitu, na yeye hakuuliza. Asubuhi moja niliamka nikakuta godoro lake limekunjwa vizuri, nguo za mtoto zimepangwa, naye hayupo. Nilikasirika siku nzima, nikawalalamikia mashoga zangu kwa simu kuhusu wasichana wa siku hizi. Ilikuwa usiku, nikimbembeleza mtoto, nilipokumbuka kuwa anayemtumia mfanyakazi akamaliza kazi yake kisha asimpe ujira wake ametajwa katika hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Ilinichukua wiki kadhaa kumpata kupitia kwa ofisi iliyomleta. Nilimtumia fedha zake zote kwa M-Pesa. Hakujibu, na sina haki ya kudai jibu.

Wengi wetu hatujui hata kima ambacho sheria yataka. Amri ya mishahara ya Kenya huigawa nchi mafungu matatu: kwanza Nairobi na majiji, pili miji yote iliyokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru zilizotajwa kwa majina, tatu kwingineko kote. Thika ilikuwa manispaa, hivyo Thika na Ruiru zimo fungu moja. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024, mtumishi wa nyumbani katika fungu hilo hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 14,800 na ushei kwa mwezi. Nairobi kima hicho kilipita 16,000. Ndiyo kusema Githurai 44 iliyo Nairobi na Githurai 45 iliyo Kiambu, zinazotazamana ng'ambo ya barabara, zina viwango viwili vya haki.

Najua jibu linalokuja, kwa kuwa nililitoa mimi mwenyewe: nami nalipwa kidogo, nitaitoa wapi? Ni kweli. Lakini asiyeweza kulipa ujira wa mtu mzima wa siku nzima hana ruhusa ya kuuchukua muda wake wote kwa nusu ya thamani. Zipo njia nyingine. Familia mbili za ghorofa moja zaweza kushirikiana yaya mmoja kwa watoto wawili. Yuko yaya wa kuja asubuhi na kurudi kwake jioni, kwa siku maalumu tu. Viko vituo vya kulelea watoto mchana, nami nitavirudia.

Kisha kuna jambo ambalo magazeti mengine hayatalisema. Aya ile ile ya al-Baqara yaweka chakula na mavazi ya anayenyonyesha juu ya baba. Lakini sikilizeni mazungumzo katika nyumba zetu: "Wewe ndiye unayetaka kufanya kazi, basi yaya mlipe wewe." Mke aingiza mshahara wake katika kodi, katika chakula na katika karo, na ujira wa yaya ukawa wake peke yake, kana kwamba mtoto ni wake peke yake. Mke akisaidia ni ihsani yake, naye ana thawabu. Haijawa faradhi yake kwa sababu tu amepata kazi. Kina baba watakaousoma ukurasa huu mezani wasiufunike.

Sheria ya Ajira ya 2007 ina mengine ambayo ni mepesi kuyatimiza na aghalabu hatuyatimizi. Ajira ya miezi mitatu au zaidi yapasa kuandikwa. Mfanyakazi ana siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Msichana asiyetimiza miaka 18 ni mtoto kisheria. Kumleta kutoka kijijini alee mtoto mwingine, naye shule imempita, ni jambo la kuogopwa hata kama wazazi wake wameridhia. Kwa aliyetimiza umri, karatasi moja yenye mshahara, siku ya kulipa, siku ya mapumziko na kazi zenyewe yatosha. Muandikie kazi zenyewe, kwa sababu ndipo tunapodhulumu bila kujua: tumemwajiri kwa ajili ya mtoto, kisha twampa kufua, kupiga deki, kupika na kuosha gari, halafu twashangaa mtoto akianguka kitandani.

Nyumba ya Kiislamu ina yake zaidi. Wengi wa mayaya wa huku si Waislamu, wala hilo si kikwazo, ila yapasa aelezwe mapema na kwa adabu kuhusu nyama, kuhusu mbwa, kuhusu wakati wa Swala na kuhusu Ramadhani, kwamba yeye hakulazimishwa kufunga na chakula chake cha mchana kiko palepale. Awe na chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Baba wa nyumba asibaki naye peke yao. Khalwa haibadiliki kuwa halali kwa sababu mwanamke huyo analipwa, na tahadhari hiyo yamlinda yeye kabla ya kumlinda mtu mwingine. Na ale tunachokula. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi na akasema hakuwahi kuambiwa hata "uff", sijui ni wangapi kati yetu wanaoweza kumaliza asubuhi moja hivyo.

Dua na adabu za kulala na kula hatuwezi kumwajiri mtu atufundishie kwa niaba yetu. Saa moja ya jioni, simu imewekwa kando, yatosha kwa mengi. Lugha pia hupotea kidogo kidogo. Mwanangu alimwambia bibi yake kwenye simu, "Kuja!" Mama yangu, mzaliwa wa Mombasa ambaye hajapata kumwita mtu ila kwa "ndoo," alinyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

Kuhusu maziwa: madaktari wetu washauri miezi sita ya maziwa ya mama pekee, na likizo ya kisheria ni miezi mitatu. Pengo hilo huzibwa kwa kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa saa nne nje ya friji na hadi siku nne ndani yake, na yaya afundishwe kuyapasha kwa kukizamisha chombo katika maji ya moto, si kwa kuyachemsha. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, ulizeni kazini. Na kama yaya mwenyewe ananyonyesha na amezoea kumtuliza mtoto wako kwa titi lake, zungumzeni. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, kunyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili hufanya undugu wa kunyonya, na mtoto wako huyo hataoana na wanawe. Si jambo baya, ila lazima lijulikane na liandikwe.

Nilisema nitavirudia vituo vya mchana. Katiba ya 2010 imeziachia serikali za kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto, kwa hiyo aliye Makongeni au Kimbo ana haki ya kuuliza Kaunti ya Kiambu kama kituo cha mtaani kwake kinajulikana na kimekaguliwa. Lakini usingoje mkaguzi. Nenda saa nne asubuhi bila kutoa habari. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Tazama jiko liko wapi na mlango wa pili uko wapi. Nusa maji ya kunawia. Na mtoto ambaye kila ukimfuata jioni unamkuta katika usingizi mzito, uliza amepewa nini, na usikubali kuambiwa kuwa ni mtulivu tu.

Yaya tuliye naye sasa ni mama wa makamo kutoka Machakos, aliyelea wanawe wanne mwenyewe, na mwanangu humwita Nyanya. Mume wangu ndiye anayemtumia mshahara, tarehe 28 ya kila mwezi. Wiki ijayo anakwenda likizo yake ya siku 21, na mama yangu anapanda treni kutoka Mombasa kuja kumshikia nafasi. Jana alipiga simu kuuliza kama huku Ruiru nina mbuzi ya kukunia nazi, au aje nayo.