Asilimia Iliyoandikwa kwenye Kopo

Kila kipodozi au dawa ya kupaka ina kiambato amilifu, yaani kemikali inayofanya kazi iliyokusudiwa, pamoja na viambato vingine kama maji, mafuta, manukato na vihifadhi, ambavyo hukibeba kiambato hicho na kuikinga bidhaa isiharibike. Ukolezi ni uwiano wa kiambato amilifu katika mchanganyiko wote, hivyo krimu ya asilimia 2 ina gramu 2 za kiambato hicho katika kila gramu 100. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Linalowapoteza wanunuzi wengi ni dhana kwamba namba ikiwa kubwa, dawa nayo ni bora zaidi.

Benzoili peroksidi, inayoua bakteria wanaochochea chunusi, huuzwa kwa asilimia 2.5, 5 na 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulibaini kuwa ukolezi wa 2.5 ulipunguza chunusi zilizovimba sawasawa na ule wa 10, ilhali wekundu, muwasho na kubabuka vilikuwa vichache zaidi. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa ngozi nyeusi, kwa kuwa ngozi hiyo ikiungua au kuwashwa kwa muda huacha madoa meusi yanayoweza kudumu miezi mingi, na mara nyingi ni madoa hayo yanayomsukuma mtu kutafuta krimu za kung'arisha.

Asilimia za viambato tofauti hazilinganishwi hata kidogo. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni steroidi dhaifu, lakini klobetasoli ya asilimia 0.05, ambayo namba yake ni ndogo mara 20, imo katika kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka, na maelekezo yake ya kitabibu hukataza kuitumia mfululizo kwa zaidi ya wiki 2 au kuzidisha gramu 50 kwa wiki. Anayeisoma 0.05 kama "kidogo tu" anaweza kuipaka usoni kwa miezi hadi ngozi iwe nyembamba na mishipa ianze kuonekana.

Kwa asidi za matunda, kama asidi ya glikoliki, asilimia peke yake haitoshi, kwa sababu nguvu yake hutegemea pia pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Kwenye pH ya takriban 3.8 nusu ya asidi hiyo huwa huru kupenya ngozi, na kwenye 4.8 hubaki huru karibu sehemu moja tu ya kumi, kwa hiyo losheni mbili zilizoandikwa asilimia 10 zinaweza kutofautiana sana pasipo kopo kusema lolote. Dawa ya kulainisha nywele iko upande wa pili wa kipimo hicho: sodiamu haidroksaidi iliyomo ndani yake huvunja vifungo vya unywele, na sheria za Umoja wa Ulaya huiwekea ukomo wa asilimia 2 kwa matumizi ya nyumbani na 4.5 kwa wasusi wa kitaalamu, ingawa hata ukolezi halali huunguza kichwa ikiachwa kupita muda ulioelekezwa.

Penye bidhaa isiyotaja asilimia, orodha ya viambato husaidia kiasi, kwa kuwa hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, japo vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kufuatana kwa mpangilio wowote.

Viko pia viambato visivyojadiliwa kwa asilimia. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, ambako usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango tangu 2019, lakini bado huingia katika mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambamo krimu, losheni na dawa za hospitali, zikiwemo zenye steroidi, hukorogwa kwa makadirio ya macho. Hapo namba zote za makopo ya awali hupotea. Daktari wa ngozi anayeletewa kopo hilo hawezi kukokotoa ni steroidi kiasi gani imepita mwilini, na kwa mtu aliyejipaka mwili mzima kwa muda mrefu hicho ndicho kipimo anachokihitaji ili kuamua kama mgonjwa aache mara moja au apunguze taratibu, kwa sababu tezi zinazotengeneza steroidi za mwili zinaweza kuwa zimelala.