Lango Lisilo na Nyumba

Leo tunawaletea habari za lango moja lililoko Uingereza, katika mji mdogo uitwao Chipping Campden, jimboni Gloucestershire. Neno hilo Chipping, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya soko. Basi huo ni mji wa soko, nao ulitajirika zamani kwa biashara ya sufu.

Kando ya kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini humo pana nyumba ndogo mbili za mawe zenye rangi ya asali. Mapaa yake yamejengwa kama kuba, na katikati yake limesimama lango. Nyumba hizo zilikuwa za mabawabu. Kazi ya bawabu twaijua sote: ni kumpokea mgeni, kumwuliza shauri lake, na kumfungulia au kumrudisha alikotoka. Lakini ukichungulia ndani ya lango hilo, huoni jumba lolote. Waona uwanja wa majani, matuta ya bustani ya kale, na kipande kimoja cha ukuta. Lango lipo, nyumba haipo.

Aliyelijenga ni Sir Baptist Hicks, aliyezaliwa mwaka 1551. Alikuwa mfanya biashara wa London, muuza hariri na vitambaa vya thamani. Alitajirika hata akawa anamkopesha fedha Mfalme James wa Kwanza. Yapata mwaka 1613 alijijengea jumba la fahari hapo Campden. Mbele yake aliweka lango hilo, na nyuma yake bustani ya matuta. Pembeni mwa bustani alijenga vijumba viwili vya karamu, ambamo wageni, wakiisha kula chakula kikuu, walikwenda kula vitamutamu huku wakiitazama bustani. Husemwa kwamba jumba hilo lilimgharimu pauni 29,000, nazo zilikuwa fedha nyingi mno kwa siku zile.

Hicks alikufa mwaka 1629. Baadaye vikatokea vita kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Askari wa mfalme waliligeuza jumba la Campden kuwa ngome yao. Mwezi wa Mei mwaka 1645 waliitwa kujiunga na jeshi kuu, nao walipoondoka walilichoma moto, ili askari wa Bunge wasije wakalitumia. Hapa pana jambo la kusikitisha. Wenye jumba hilo, yaani jamaa ya binti yake Hicks, walikuwa upande wa mfalme, na waliolichoma ni askari wa mfalme huyo huyo. Jumba halikuchomwa na adui, lilichomwa na rafiki. Lilikuwa limesimama miaka 30 na kidogo tu, wala halikujengwa tena. Kile kipande cha ukuta kilichobaki kina wekundu hata leo, kwa maana moto mkali uliligeuza rangi jiwe lile la asali.

Sasa tutoke langoni, tutembee hatua chache kuelekea mjini. Hapo tutakuta safu ya nyumba za mawe zisizo na makuu. Nazo zilijengwa na Hicks yule yule, mwaka 1612, kwa ajili ya wazee maskini 12, wanaume 6 na wanawake 6. Husemwa kwamba ziligharimu pauni 1,000. Tena hakujenga kuta tu na kwenda zake. Aliweka fedha za kuwatunza wazee hao, wapate posho yao na makaa ya mawe ya kuota wakati wa baridi. Nyumba hizo zimesimama, na wazee wanaishi humo hata leo, baada ya miaka zaidi ya 400. Mbele kidogo, katika barabara kuu, lipo soko lenye paa alilolijenga mwaka 1627, ili wauza jibini, siagi na kuku wasinyeshewe na mvua. Nalo limesimama vile vile.

Je, tuseme kwamba moto ule ulikuwa adhabu juu ya tajiri? Hapana, tusiseme hivyo. Hicks alikwisha kufa, na mkono uliojenga jumba ndio uliojenga nyumba za maskini. Tuangalie sababu zilizo wazi. Jumba lilikuwa kubwa na imara, lilifaa kuwa ngome, na kwa hiyo vita ililitamani. Lakini nani angetamani kuzifanya ngome nyumba za vikongwe 12? Tena jumba lilikuwa la jamaa moja, na jamaa hiyo ilipokwenda kukaa kwingine, hapakuwa na mtu wa kulisimamisha upya. Nyumba za maskini kila kizazi kilizihitaji, na kwa sababu zilihitajiwa, kila kizazi kilipata mtu wa kuziezeka.

Lango na vile vijumba viwili vya karamu sasa vinatunzwa na shirika liitwalo Landmark Trust, ambalo kazi yake ni kuyaokoa majengo ya kale. Twafurahi kwamba halikuachwa lianguke, maana lango hilo linasema wazi kuliko wahubiri wengi. Linasema kwamba tunaweza kutumia sehemu 29 za mali yetu kwa fahari yetu na sehemu 1 kwa jirani, kisha ile sehemu 1 ndiyo ikabaki.

Ndugu zetu, si dhambi kujenga nyumba nzuri, wala si dhambi kuiwekea lango. Lakini kabla ya kupiga hesabu ya mawe na mbao, na tuulizane: katika yote tunayoyajenga mwaka huu, ni lipi ambalo mtu asiyetujua atakuja kulihitaji? Hilo tusiliache hadi mwisho, wala tusilipe makombo. Mungu awabariki, na awape juma jema.