Mbwa Mgeni, Kupe na Kitunguu

Mbwa aletwaye Bukoba au Muleba kutoka Ulaya hukutana na kupe waenezao maradhi ambayo mwili wake haujapata kuyajengea kinga. Baadhi ya kupe hao hubeba vijidudu vya Babesia, vilivyopewa jina la Victor Babeș, mwanasayansi wa Romania aliyevigundua katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Vijidudu hivyo huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo na kuzipasua. Mbwa hushikwa na homa, hukataa chakula, fizi zake hupauka na mkojo wake huwa wa kahawia. Asipotibiwa upesi na daktari wa mifugo, aweza kufa.

Je, apatapo nafuu alishwe nini? Ndizi laini zilizopondwa pamoja na nyama au dagaa wa Ziwa Viktoria, vyote vikiwa vimechemshwa bila chumvi, humfaa. Lakini asipewe kamwe makombo ya ndizi na maharage yaliyoungwa kwa vitunguu. Kitunguu, hata kikiisha kupikwa, huharibu chembe zile zile ambazo mwili unajitahidi kuziunda upya.

Tena, kila jioni akaguliwe masikioni na baina ya vidole, kupe wang'olewe. Kwani kupe hunyonya kwa muda mrefu kabla ya kuambukiza.