Profesa Hirji na hesabu za watu wachache

Mwandishi wa habari akitaka kujua hali ya biashara, huenda Kariakoo. Anashuka Msimbazi, anakata Mtaa wa Kongo, anahoji wauza vitenge watano. Wanne wanalalamika wateja wamepungua. Kesho yake gazeti linaandika kuwa asilimia 80 ya wafanyabiashara wa Kariakoo wako taabani. Sisi wa magazeti tumeyazoea haya, na Profesa Karim Hirji alituandikia kitabu kizima kuhusu tunavyozitumia takwimu, Statistics in the Media, kilichotolewa na Baraza la Habari Tanzania mwaka 2012.

Anayo haki ya kutusuta. Hesabu za watu wachache ndizo zilizompatia jina duniani.

Njia nyingi za takwimu hutegemea wingi: ukiwa na maelfu ya wagonjwa, makadirio hayakosei sana. Ugonjwa adimu haukupi maelfu, unakupa kumi. Tuseme watano wanapewa dawa mpya, watano dawa ya zamani. Wanapona sita: wote wa dawa mpya na mmoja wa dawa ya zamani. Ni dawa au bahati? Hapa hukadirii, unahesabu. Kuna njia 210 za kupata watu sita kati ya kumi. Zinazotoa matokeo kama haya ni 5 tu. Basi kama dawa hazipishani ubora, bahati peke yake ingeleta matokeo hayo mara 1 kati ya 42. Jibu halina "takriban" ndani yake.

Wazo lenyewe ni la zamani, Mwingereza Ronald Fisher alilitumia tangu miaka ya 1930. Ugumu unakuja ukitaka kuingiza umri, jinsia na uzito wa mgonjwa. Njia zinafika mamilioni na kompyuta inaelemewa. Mwaka 1987 Hirji, aliyesomea takwimu za afya Harvard, pamoja na Cyrus Mehta na Nitin Patel, walichapisha mbinu ya kuongeza mgonjwa mmoja mmoja huku njia zenye jumla sawa zikiunganishwa, badala ya kuzipitia zote. Programu za takwimu kama Stata zinaitumia mpaka leo. Kitabu chake kikuu, Exact Analysis of Discrete Data, kilitoka mwaka 2005.

Na hakufika huko kwa njia iliyonyooka. Akiwa mwanafunzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa mhariri wa Cheche, jarida la mrengo wa kushoto lililopigwa marufuku mwaka 1970. Akabaki kufundisha hisabati, kisha mwaka 1974 akahamishiwa Sumbawanga kuwa ofisa mipango. Kwangu mimi ule ulikuwa uamuzi wa ajabu, maana enzi hizo walimu wa hisabati walitafutwa kwa tochi. Alirudi darasani kupitia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kisha Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo.

Siasa nayo hakuiacha: mwaka 2017 alitoa kitabu cha kumtetea mwanahistoria Walter Rodney. Lakini anayetaka kumfahamu aanze na Growing Up With Tanzania cha 2014, alimochanganya kumbukumbu za ujana na hisabati. Asiyependa hesabu anaweza kuziruka, ingawa zenyewe ndizo zinazomweleza mwandishi vizuri zaidi.