Butembo: Wiki tatu za hesabu zilizopotea, na skripti ya R ambayo ingeziokoa

Zilibaki siku tisa tu kabla ya kutetea kazi yake ya kumaliza masomo. Siku hiyo mwanafunzi mmoja wa afya ya umma, hapa Butembo katika Kivu ya Kaskazini, alipokea ujumbe mfupi kutoka kwa profesa wake: aondoe katika hesabu watoto wote ambao hawajafikisha miezi 9.

Prof alisema kweli. Kazi ilikuwa juu ya chanjo ya surua, na katika nchi yetu mtoto anapewa chanjo hiyo kuanzia miezi 9. Ukimhesabu mtoto wa miezi 5 kuwa « hajachanjwa », unamshitaki mama yake na kituo cha afya kwa kosa ambalo hawakufanya. Lakini ukiondoa watoto hao, kila kitu kinabadilika: jumla, asilimia, tablo, grafiki, hata sentensi za sura ya mwisho.

Mwanafunzi alifungua ordinatere yake bila woga, kwa sababu alikuwa na hakika amehifadhi kila kitu. Alikuwa anatumia R, programu ya takwimu inayotumika sana siku hizi katika vyuo vikuu na katika mashirika ya afya. Kila jioni alipoifunga, R ilimuuliza kama ihifadhi kikao chake, naye alijibu ndiyo. Alipoifungua tena, tablo zake zilikuwepo. Kitu ambacho hakikuwepo ni njia aliyopita ili kuzipata.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Ukijibu « ndiyo » kwa swali lile, R inaandika fishie inayoitwa .RData, ambayo ndani yake mna matokeo: data jinsi zilivyo wakati ule, na vitu ulivyovitengeneza. Ni kama kuweka bugali kwenye sahani na kuifunika. Kesho utaikuta, lakini haikuambii ulitia maji kiasi gani. Kuna pia fishie ya historia, .Rhistory, inayoshika amri ulizoandika, ila inazishika pamoja na makosa yote, majaribio yote, na mistari uliyorudia mara nne kwa sababu ya mabano yaliyosahauliwa. Mwanafunzi wetu alijaribu kusoma historia hiyo usiku mzima. Zaidi ya hayo, alikuwa amesahihisha majibu kadhaa kwa mkono ndani ya Excel kabla ya kuyaingiza katika R, na hakuna mahali alipoandika ni majibu gani.

Kitu alichokosa kinaitwa skripti. Si jambo la wataalamu wakubwa. Ni fishie ya maandishi ya kawaida, yenye jina linaloishia na .R, ambamo unaandika amri zako kwa utaratibu, kutoka juu hadi chini: soma data, safisha, hesabu, chora, hifadhi. Katika RStudio, programu ambayo wengi huitumia kuandikia R, unafungua skripti mpya kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N pamoja. Badala ya kuandika amri katika dirisha la chini, ambamo inapita na kusahaulika, unaiandika katika skripti na kuituma kwa Ctrl na Enter. Ctrl na S inahifadhi. Siku nyingine, amri moja tu, source("hesabu.R"), inaendesha mistari yote tangu mwanzo.

Kama angekuwa nayo, ombi la prof lingemtaka aongeze mstari mmoja, ule wa kuchagua watoto wa miezi 9 na zaidi, kisha aendeshe upya. Kwa data ya fomu mia tatu na kitu, R isingehitaji hata dakika.

Kuna masharti madogo, na katika mazingira yetu yana uzito wake. La kwanza: data ya asili haiguswi. Fishie iliyotoka KoboToolbox au iliyoingizwa kwa mkono inabaki jinsi ilivyo, na kila sahihisho linaandikwa katika skripti, pamoja na sababu yake. R haisomi mstari wako ukianza na alama #, inauacha tu. Kwa hiyo unaweza kuandika hapo kwa Kiswahili au Kifaransa: # fomu hii umri uliandikwa kwa miaka badala ya miezi. Majaji wakiuliza, jibu liko pale pale.

La pili ni njia ya fishie. Skripti nyingi zinazozunguka kwa WhatsApp kati ya wanafunzi zinakufa kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu mwenye nazo aliandika anwani ya ordinatere yake, C:/Users na jina lake. Kwa mwingine, folda hiyo haipo. Dawa ni kuunda « projet » katika RStudio, kuweka data na skripti ndani ya folda moja, na kuandika tu data/chanjo.csv. Folda ikihamishwa kwa flashi, kazi inaendelea.

La tatu linatuhusu sisi wa Kifaransa. Excel ikiwa katika Kifaransa, fishie ya CSV mara nyingi inatenganisha safu kwa nukta-mkato, na desimali kwa mkato. Amri ya kawaida, read.csv, inaisoma vibaya na kukupa safu moja ndefu isiyo na maana. Tumia read.csv2. Nimeona watu wakibadilisha mikato kwa mkono, seli kwa seli, mpaka umeme ukakatika.

Kuhusu umeme na intaneti, habari si mbaya. R ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Vifurushi vya ziada tu ndivyo vinavyohitaji kupakuliwa mara moja, nawe unaweza kuvibeba kwa flashi kutoka saiba. Skripti yenyewe ni nyepesi sana, hata ukituma kwa simu. Na ina faida nyingine ambayo watu wa afya wanapaswa kuithamini: ikiandikwa vizuri, haina jina la mgonjwa hata mmoja. Unaweza kumpa mwenzako skripti, na orodha ya wagonjwa ikabaki kwako.

Butembo inajua thamani ya jambo hili kuliko miji mingi. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua katika mashariki ya nchi na 2,287 walikufa. Katwa na Butembo zilikuwa kati ya kanda zilizopigwa sana. Katika mlipuko wa namna ile, orodha ya wagonjwa inabadilika kila siku, na ripoti ya jana haifai leo. Kundi la RECON, linalokusanya wataalamu wa R na magonjwa ya mlipuko, lilitoa kifurushi kinachoitwa reportfactory: kazi yake ni kuendesha upya ripoti nyingi na kuziweka kila moja na tarehe yake. Médecins Sans Frontières nao, kupitia mradi wa R4EPIs, walitoa skripti zilizo tayari kwa kipindupindu, surua, na uchunguzi wa chanjo. Ndiyo, uchunguzi wa chanjo, kazi ile ile ya mwanafunzi wetu. Kitabu cha R cha wataalamu wa magonjwa ya mlipuko kinapatikana bure, kwa Kifaransa pia, na kinasomeka bila intaneti ukishakipakua.

Lakini mashine isiyokaguliwa hurudia kosa kwa uaminifu mkubwa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, Uingereza ilikosa kuhesabu kwa wakati wagonjwa 15,841 wa Covid-19, kwa sababu data zilikuwa zinamiminwa katika fishie ya Excel ya zamani isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Mstari mmoja wa kulinganisha idadi ya walioingia na waliotoka ungepiga kelele. Weka mstari huo katika skripti yako.

Mwanafunzi alianza upya kutoka fomu za karatasi, safari hii kwa skripti. Alilala kidogo sana, akatetea siku iliyopangwa. Mwezi uliofuata, mdogo wake wa promosheni ya chini, anayefanya uchunguzi kama huo katika kanda nyingine ya afya, alimwomba msaada. Alimtumia fishie mbili kwa WhatsApp na kumwambia abadilishe mstari wa nne, wenye jina la fishie ya data, kisha aendeshe. Dakika kumi baadaye kijana alipiga simu: safu ya umri kwake imeandikwa kwa herufi kubwa, na R inakataa.