Michoro inayotembea: kwanza hesabu, kompyuta baadaye

Septemba 1991, askari na raia walipora Kinshasa. Mwaka uliofuata, mtengenezaji filamu Mukongomani Jean-Michel Kibushi alitoa filamu fupi juu ya siku zile, Kinshasa, septembre noir. Alichukua michoro ya watoto, akaifanya itembee.

Namna gani? Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, michoro 12 inatosha. Sekunde 10 ni michoro 120. Njo maana anayefanya kazi hii peke yake nyumbani anaanza na sauti: anarekodi maneno, anahesabu sekunde, kisha anachora ile tu inayohitajika. Kompyuta inakuja mwisho. Na kila kipande kikiisha anakihifadhi palepale, juu umeme hauagi.

Aliyeona mabaya akakosa maneno, penseli inaweza kumusemea.