Jeni Inayozuia Ukuaji Tumboni, na Jicho la Mtoto

Mwanadamu huanza akiwa seli moja tu ndani ya tumbo la mamaye. Seli hiyo hugawanyika zikawa mbili, nne, nane, hata mwili ukakamilika. Lakini kugawanyika peke yake hakujengi mwili. Sharti kila seli ikome kwa wakati wake. Amri hizo zimo katika jeni, na baadhi ya jeni hizo ndizo ambazo zikiharibika huleta saratani.

Tuchukue mfano wa jeni iitwayo RB1, iliyomo katika kromosomu ya 13. Mimba inapokua, seli za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huongezeka kwa kasi. Wakati ukifika, protini itokanayo na RB1 huzizuia, zikaacha kugawanyika na kushika kazi ya kuona. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba panya waliokosa kabisa jeni hiyo hufa kabla ya kuzaliwa.

Kila mtu ana nakala mbili za RB1, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1971 Alfred Knudson, mwanasayansi wa Marekani, alieleza kuwa saratani ya retina hutokana na mapigo mawili. Nakala moja ikiharibika, ya pili huendelea kulinda. Zikiharibika zote katika seli moja, hakuna tena cha kuizuia. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu huugua mapema zaidi, pengine macho yote mawili. Mzazi mwenye nakala hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Basi maradhi haya si kijicho cha jirani, wala si kosa la mama, na talaka au lawama haziyaponyi. Tunawasihi wazazi wayatazame macho ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mboni ikionekana nyeupe, hasa katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, au makengeza yakizuka, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja. Yakigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingi uhai huokolewa pamoja na jicho lenyewe. Aliyewahi kuugua katika familia asifichwe, kwani habari zake ni kinga kwa nduguze watakaozaliwa.